Kaburi la Mama wa Mwenye Shuka

Nilikuwa mwaka wa tatu chuoni, nje kidogo ya Nakuru, habari zilipoenea kwamba yule shujaa mkuu wa filamu, yule anayeruka angani na shuka jekundu mgongoni, anatafutiwa mwigizaji mpya. Wa zamani amezeeka, walisema. Katika hosteli yetu hakukuwa na mtu asiye na maoni. Watu ambao hawakuwahi kusoma ratiba ya mitihani mpaka wiki ya mtihani walijua urefu wa kila mwigizaji aliyetajwa, upana wa mabega yake, na filamu zote alizoharibu.

Mmoja alimtaka jamaa mrefu aliyezoea kuigiza wanajeshi. Mwingine alisema wakati umefika shujaa awe mtu mweusi. Wa tatu akasema hilo likitokea yeye anafunga ukurasa wake wa mashabiki mtandaoni, kana kwamba kuna mtu huko ng'ambo aliyekuwa akisubiri ruhusa yake. Mimi nilikuwa na tabia ya kuuliza, na nikauliza. Mnaposema mtu "anafaa", mnapima na nini? Huyo shujaa hayupo. Mtajuaje nani anafanana na mtu ambaye hayupo?

"Haya, profesa," akasema mwenzangu wa chumba, mwanafunzi wa uhandisi aliyependa mambo yawe na jibu. "Wewe ungepima na nini?"

Nilikuwa na kipimo changu na sikuona haya kukitoa. Nikasema nisingejali urefu wala rangi. Ningemtaka mwigizaji anayeweza kulia akiwa amesimama wima, bila kushika uso, kwa sababu sehemu ngumu zaidi ya filamu zile ni pale anapokwenda kwenye kaburi la mama yake.

Wakanitazama.

"Kaburi gani?"

"La mama yake. Shambani. Kila akimaliza kazi lazima apitie pale."

"Boss, uliangalia filamu gani wewe?"

"Huyu aliangalia ile ya kwao Naivasha!" mwingine akapasuka kwa kicheko, na chumba kizima kikamfuata.

Mwenzangu wa chumba hakucheka. Aliweka kompyuta kitandani, akaitafuta filamu yenyewe, akasogeza mpaka karibu na mwisho. Nikaiona. Shamba la nyasi kavu. Shujaa amesimama ametupa mgongo, upepo unachezea shuka. Anagusa nguzo ya ua. Hafungui mdomo. Halafu anaruka, na shamba linabaki vilevile.

"Sasa kaburi liko wapi?" akaniuliza, kwa upole kabisa.

Nilirudisha nyuma. Nikarudisha tena. Kulikuwa na nguzo, kulikuwa na nyasi, na hakukuwa na kaburi.

Ninapaswa kueleza tulivyoangalia filamu sisi wa Kamere, pale kando ya Ziwa Naivasha. Filamu zilikuja kwa Kiingereza, na wengi wa walioziangalia walikuwa wafanyakazi wa mashamba ya maua, waliosimama wiki nzima wakichuma na kupanga waridi, na Jumapili, baada ya kanisa, walitaka kukaa chini waambiwe hadithi. Kwa hiyo kila banda la video lilikuwa na dijei wake. Dijei hakucheza muziki. Alikaa kando ya televisheni na maikrofoni, akapunguza sauti ya filamu, akaisimulia yote kwa Kiswahili chetu: alikuwa shujaa, alikuwa adui, alikuwa mwanamke anayelia na mbwa anayebweka. Mtu angeweza kubadilisha televisheni bila watu kujali. Dijei akikosekana walirudi nyumbani.

Dijei wa banda letu alikuwa anko wangu, mdogo wake mama. Siku za kazi alikuwa ndani ya nyumba za nailoni za kukuzia waridi, akifunga mabomba ya maji. Jumapili alifunga kitambaa cheupe juu ya maikrofoni na kuwa watu wote. Shujaa huyo hakumwita kwa jina la Kiingereza. Alimwita Mwenye Shuka, na baadaye Shuka tu, na sote tukamwita hivyo. Shuka wa anko, akishampiga adui wa mwisho, hakwenda popote kabla ya kupitia kaburini kwa mama yake. Alisimama pale na kusema maneno yaleyale kila mara: "Mama, nimefika. Sikai. Nimekuja tu kukusalimia." Wanawake wa kupanga waridi walipangusa macho kwa ncha za leso. Mimi nilikuwa mtoto kwenye benchi la mbele, na nilidhani huo ndio ushujaa wenyewe, kumpitia mama.

Nimekua nikiuliza kila kitu. Nilimuuliza pasta wetu maji ya gharika yalikwenda wapi yalipokauka. Nilimuuliza mwalimu wa historia alijuaje. Nyumbani waliniita Kwanini. Na kumbe jambo hili moja nililibeba miaka yote bila kuuliza lolote. Watu wa hosteli walisahau kesho yake, lakini mimi sikusahau. Nilihisi kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba anayoikumbuka haikuwahi kujengwa. Jumamosi iliyofuata nikashuka kwenda Kamere kumuuliza anko kwa nini alitudanganya.

Nilimkuta chumbani kwake, kwenye ploti ya mabati iliyo juu ya barabara. Zamani walikaa chini zaidi, ziwa likapanda, wakahama. Alinisalimu kwa mkono. Nikangoja neno, halikuja. Anti, mke wake, alikuwa akichuja chai, na ndiye aliyejibu salamu kwa niaba yake.

"Asiongee sana," alisema. "Koo limeharibika."

Kisha akanieleza, akiwa amenipa mgongo. Kuna uvimbe. Hospitali kubwa ya Nakuru wamempa nafasi Jumatatu. Watatoa sehemu ya koo inayofanya sauti, na atapumulia tundu shingoni. Akichelewa, uvimbe utaziba njia ya pumzi. Nafasi ya kwanza walikuwa wamempa mwezi uliopita, na hakwenda.

"Kwa nini hakwenda?"

"Muulize mwenyewe. Mimi nimechoka kuuliza."

Nikamgeukia. Alifungua mdomo, na sauti iliyotoka ilikuwa kama ya mtu anayesugua sufuria kwa mchanga.

"Hawajakubaliana."

"Nani?"

"Watu wa banda. Nani atamchukua Shuka."

Nilidhani nimesikia vibaya. Sikuwa nimesikia vibaya.

"Anko, ni filamu."

Alinitazama jinsi anavyotazamwa mgeni aliyekanyaga mkeka kwa viatu. Akaeleza kwa vipande, akipumzika katikati. Asipopatikana mtu, mwenye banda ataanza kuonyesha filamu zilizosimuliwa tayari na madijei wa Nairobi, zinazouzwa kwenye flashi. Watu watazizoea. "Na hizo," alisema, "hazina kaburi."

"Hata filamu yenyewe haina," nikasema. "Nimeiona. Kuna nguzo tu. Kwa nini uliliweka?"

Anti aliweka kikombe chini kwa nguvu. "Nimesema asiongee."

Anko alinyosha kidole kuelekea upande wa banda. "Kesho," akasema.

Banda lilikuwa limehamishwa pia, mabati yaleyale, mabenchi yaleyale, matundu ya ukutani yamezibwa kwa vipande vya nailoni kutoka mashambani. Mchana ule wa Jumapili lilijaa kabla televisheni haijawashwa. Anko alikaa mahali pake pa siku zote, skafu shingoni, maikrofoni mbele yake imefungwa kitambaa. Hakuigusa.

Waliotaka nafasi yake walikuwa wawili. Wa kwanza alikuwa mwendesha bodaboda, kijana wa rika langu. Tulikuwa tukigombania benchi la mbele pamoja, na alijua kila sauti ya anko mpaka jinsi anavyovuta pumzi. Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo wa kupanga waridi, ambaye saa ya chakula kule kazini huwasimulia wenzake filamu ya Jumapili kana kwamba hawakuja. Walisema ukisimuliwa na yeye, ukija kuiona yenyewe unaona imepunguzwa.

Ubishi ulikuwa umekwisha kuanza wiki nyingi nyuma. Mimi niliukuta tu ukiendelea.

"Shuka ni mwanaume," alisema mzee mmoja anayeuza samaki wa kukaanga pale ufukweni.

"Nani amekataa, mzee?" akajibu yule mwanamke. "Mimi simuoi. Namsemea tu."

"Kwa sauti hiyo atakuwa kama anauza sukuma wiki."

"Na kwa yako atakuwa na mafua."

Watu wakacheka, mzee naye. Mtu wa nyuma akapaza sauti, "Huko majuu wenyewe hawajapata wa kuvaa shuka, na nyinyi mnagombania mdomo!"

"Wakimweka yule mwigizaji mfupi mimi siji tena hapa."

"Wewe hulala kabla adui hajatokea. Ukiacha kuja nani atajua?"

"Mimi nasema kijana wa boda. Ukifumba macho ni Dijei mwenyewe."

"Kama unataka kufumba macho si ukae nyumbani?"

Nilisikiliza nikaona ni hosteli tu, imehamia Kamere. Anayefanana na wa zamani, au mpya kabisa? Mwanamke anaruhusiwa? Nani ana haki juu ya mtu ambaye hayupo? Tofauti ni kwamba katika hosteli hakuna aliyekuwa akiishiwa pumzi wakati sisi tunabishana. Anko alikuwa akimwangalia kila anayesema, na kila pumzi yake niliisikia ikipita kwa shida, kama upepo mlangoni. Nafasi ya hospitali ilikuwa kesho yake. Nikasimama.

Nikasema mgonjwa huyu anahitaji kuondoka asubuhi. Nikasema jambo ni rahisi: wanaomtaka huyu wainue mikono, wanaomtaka yule wainue mikono, tuhesabu, wengi wapewe, twende nyumbani.

"Kijana wa chuo, kaa chini," alisema mzee wa samaki, na sasa hakuwa akitania. "Kura sisi tumeona zilikotupeleka."

Wengi pale walitoka juu, kwenye mashamba ya baridi, upande wa Molo na kwingineko, walishuka mwaka ule wa fujo za baada ya kura, na kile walichoweza kubeba. Mimi nilikuwa mdogo sana. Kwetu mwaka ule haukutajwa. Nilikaa chini.

Anko aligonga maikrofoni kwa ukucha, tok, tok, kama alivyofanya zamani watoto wakipiga kelele. Akaelekeza kidole kwenye televisheni. Mwenye banda alielewa, akaisogeza filamu mpaka kwenye shamba la nyasi kavu. Kila mmoja asimulie pale.

Kijana wa boda alianza. Nilifumba macho kama walivyosema, na ni kweli, alikuwa anko mwenyewe, anko wa koo zima. "Mama, nimefika. Sikai. Nimekuja tu kukusalimia." Hakuacha kitu. Hata kile kikohozi kidogo ambacho anko alikitia kabla ya "kukusalimia" alikitia. Watu walisimama wakapiga makofi. Anko naye alipiga makofi, na macho yake yalikuwa na maji, lakini hakutikisa kichwa kukubali wala kukataa.

Mwanamke akachukua maikrofoni. Nyasi zikatokea, shujaa akasimama, akagusa nguzo, akaruka. Yeye hakusema neno.

"Ameogopa," mtu akanong'ona.

"Rudisha," alimwambia mwenye banda. Kisha akafunika maikrofoni kwa kiganja, akamgeukia anko. "Dijei, samahani. Mama yake alizikwa wapi?"

Kicheko kikapita. "Si shambani, mathe! Huoni shamba?"

"Naona shamba. Nauliza shamba gani," alisema, bado akimwangalia anko. "Siwezi kumpeleka mtu kaburini na sijui njia."

Nilitegemea anko atabasamu, au apunge mkono. Anti, aliyekuwa karibu na mlango, alikuja mpaka nyuma yake akaweka mkono begani mwake. Sijui kama ni kumzuia au la. Anko alinyosha mkono, akachukua maikrofoni kutoka kwa yule mwanamke, akaiweka karibu kabisa na midomo, kwa sababu sauti haikuwa na nguvu ya kufika mbali.

"Ni juu, upande wa Molo," alisema. "Unaiacha lami penye stoo ya zamani ya pareto. Unapanda. Kuna mstari wa miti ya saipresi mkono wa kushoto. Saipresi zikiisha kuna tangi la mawe. Nyuma ya tangi kuna mpeasi."

Akapumua.

"Chini ya mpeasi. Msalaba ulikuwa wa mbao. Udongo ulikuwa bado haujakauka tulipoondoka. Sijui kama kuna mtu amepalilia. Sijarudi."

Akarudisha maikrofoni.

Aliyelala pale alikuwa nyanya yangu, mama yao anko na mama. Nilijua alikufa kabla sijaanza shule. Mama aliniambia amezikwa nyumbani, na nilipouliza nyumbani wapi, alikumbuka kitu jikoni. Mimi, Kwanini, nililikubali jibu hilo. Nilishuka Kamere nikiwa nimeshika ushahidi kwamba kaburi halipo, na kaburi lilikuwepo muda wote, ila halikuwa kwenye filamu. Lilikuwa safari ya asubuhi moja kutoka hosteli yangu.

Mwenye banda alirudisha filamu. Mwanamke alianza kabla nyasi hazijaonekana, Shuka akiwa bado angani. Akamshusha taratibu. Akampitisha juu ya stoo ya pareto, akamfuatisha saipresi moja baada ya nyingine, akamzungusha tangini. Alipogusa ile nguzo ya ua, ilikuwa shina la mpeasi, na naapa niliona magome yake. "Mama," alisema, kwa sauti yake mwenyewe, si ya anko, "nimefika. Msalaba umeanguka. Mpeasi unazaa. Sikai, nimekuja tu kukusalimia."

Shujaa akaruka, na watu hawakupiga makofi. Wengi waliinamisha vichwa kama wako kanisani. Mmoja wa wanawake wa mbele alisema, kwa sauti ya chini, kwamba wake yuko Olenguruone, karibu na kisima, na mwingine akasema wake hata yeye hajui.

"Hata hivyo bado ni sauti ya mwanamke," akasema mzee wa samaki hatimaye, akipangusa pua.

Anko alikifungua kile kitambaa cheupe kutoka kwenye maikrofoni, akakikunja, akampa yule mwanamke mkononi. Kisha akamgeukia kijana wa boda, akamgonga kifuani kwa kidole, na kwa midomo bila sauti akamwambia: adui. Kijana alielewa. Alikasirika kidogo, nadhani, halafu akacheka.

Asubuhi tulikwenda Nakuru, anko, anti na mimi. Njiani, pale Kikopey, moshi wa nyama choma ulikuwa umeanza kupanda, na anko aliugeukia mpaka ukapotea. Hospitalini tulikaa kwenye viti vya korido. Kabla hawajamwita, aliniita kwa mkono nisogeze sikio.

"Wamempata?" aliuliza.

Nilichelewa kuelewa anamaanisha mwigizaji.

"Bado. Wanabishana."

Akatabasamu. "Wachague anayejua kusimama," alisema.

Hayo ndiyo maneno ya mwisho niliyoyasikia kwa sauti yake. Kuna mengine alimwambia anti mlangoni, na hayo ni yake.

Mwigizaji alipatikana baadaye, na hosteli yetu ikagawanyika, na filamu mpya ikafika Kamere kwenye flashi kama zote. Nilishuka kuiona. Anko alikuwa kwenye benchi la mbele, skafu imefunika tundu la shingoni, amenenepa kidogo. Kijana wa boda alikuwa adui, na alikuwa adui mbaya kweli, watoto walijificha. Mwanamke alikuwa Shuka. Mwigizaji mwenyewe hakunivutia. Alikuwa mzuri mno, na alisimama kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti.

Lakini filamu ile haikuwa na shamba. Kuanzia mwanzo mpaka mwisho ilikuwa mji tu, vioo na moto. Niliona anko ameanza kusogea kwenye benchi. Niliona yule mwanamke akiangalia kila picha, akitafuta mahali pa kumweka mama, na filamu ikiishiwa. Adui wa mwisho alianguka. Shuka akatua juu ya paa la jengo refu, akatazama chini, pumzi mbili au tatu, tayari kuruka.

"Ngoja," mwanamke alimwambia Shuka. "Unaenda wapi kabla hujapitia? Tazama. Ile ni stoo ya pareto. Zile ni saipresi."

Anko aliinua kidole kimoja juu, akakiacha pale, naye akimwambia Shuka angoje.

Mimi najua lile lilikuwa paa tu, la mji ambao labda haupo. Niliinama mbele kwenye benchi, nikatazama chini pamoja na wengine.